Familia ya Mwanga 🏠: bando limeenda wapi

Kaka Juma: Habari za asubuhi wote, shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Jamani nauliza kwa amani tu, bando la waifai ya hapo nyumbani nimelipia tarehe 1 leo tarehe 12 limekata, mnaangalia nini mpaka linaisha hivyo

Mama: Marahaba mwanangu

Zai: Sio sisi kaka. Jana umeme uliporudi watu wamejaa pale chini ya mwembe nje ya ukuta kama kuna msiba, kila mtu kainamia simu

Kaka Juma: Ebu ingia kwenye rauta, fungua brauza uandike 192.168.1.1 au ile namba iliyo kwenye stika kwa chini, uangalie vifaa vingapi vimeunganishwa

Zai: Imekubali na admin admin, jina na paswedi 😂 hatujawahi kuibadilisha. Viko 17!! Sisi humu tuna simu nne na tivii. Kimoja kimeandikwa "Chidi Boda"

Baba Mdogo: Hahaaa ndo maana hatoki kijiweni

Kaka Juma: Paswedi ni ipi siku hizi?

Zai: Ile ile, namba ya simu ya Mama

Kaka Juma: Yaani namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha MAWESE NA MAANDAZI YAPO. Haya

Baba Mdogo: Weka Livingstone1871 basi, ina herufi kubwa ina namba

Shangazi Ujiji: Wewe, huku Ujiji nani asiyejua 1871? Kila mgeni anayekuja kuona pale walipokutana na Stanley anatajiwa huo mwaka. Mtoto wa darasa la nne ataifungua kabla hujamaliza chai. Bora methali

Kaka Juma: Methali nayo hapana Shangazi, wote tunazijua. Unajua mwizi anayejua kazi hakai hapo nje akijaribu moja moja, anadaka zile salamu simu inazopeana na rauta wakati inaunganishwa, anaenda nazo kwake anaiachia kompyuta ikisie usiku kucha, na inaanza na majina, miaka, namba za simu, na namba zetu zote ni 06 au 07 kwahiyo mwanzo keshaupata. Dawa ni urefu. Paswedi ya waifai inaruhusu herufi 8 mpaka 63. Zai chukua kamusi, fumba macho uweke kidole mara tano, maneno yasiyojuana kabisa, mfano mgebuka-kengele-shuka-bawabu-tindo, ila HIYO USIWEKE nimeshaitaja hapa na grupu lina watu 61

Zai: Sawa. Kwenye aina za ulinzi kuna WPA2 ya zamani na WPA3 mpya

Kaka Juma: Kama kuna mchanganyiko wa zote mbili weka huo, WPA3 peke yake simu ya Mama ya zamani inaweza kugoma. WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au pin bila paswedi, zima kabisa, ile pin yake ya tarakimu 8 inakisiwa nusu nusu, tangu 2011 watu wanaijua. Na hiyo admin admin ibadilishe iwe tofauti na ya waifai

Zai: Tayariii. Wameinua vichwa wote kwa pamoja pale mwembeni 😂😂😂

Mama: Zai toka nje. Chidi anauliza mbona haipandi

Kaka Juma: Mama??

Mama: Niliwapa mwenyewe. Nani ananibebea madumu ya mawese kutoka Kibirizi, wewe uko Dar

Baba Mdogo: 🙊

Kaka Juma: Samahani Mama. Zai washa mtandao wa wageni, uko humo humo kwenye rauta, una jina lake na paswedi yake, hawagusi vitu vya ndani, na kama kuna sehemu ya kupunguza spidi uwapunguzie. Ila ile yetu usimpe mtu hata kile kimraba cha kuskani kwenye simu, akikipiga picha tu keshaichukua na ataigawa

Mama: Hiyo ya wageni iwe ya kutamkika. Mimi naisemea dirishani huku nakaanga maandazi