Megapikseli 12, 24 au 48: ipi inatosha picha ya bango la mita 3?

MpigaPicha_Mwanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo, na wakubwa wangu shikamooni. Ninafanya kazi ya picha hapa Mwanga, Kigoma mjini. Riziki yangu kubwa inatokana na picha za paspoti, harusi na kipaimara, na mara mojamoja mahafali ya shule. Kamera niliyoanza nayo imechoka, na nimepata tatu za kuchagua kwa bei zinazokaribiana. Ya kwanza ni Nikon D700 iliyotumika, yenye megapikseli 12. Ya pili ni Nikon D3200, nayo imetumika, yenye megapikseli 24. Ya tatu ni kamera ndogo mpya ya chapa nisiyoifahamu, ambayo boksi lake limeandikwa 48 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kamera yenyewe.

Kuna kikundi cha akina mama wa Katonga wanaokausha na kuuza dagaa, wanaotaka niwapige picha ya pamoja ichapwe kwenye bango lenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.5, la kutundikwa juu ya mlango wa ofisi yao. Mtu mmoja wa uchapaji ameniambia kwamba picha isiyofikia DPI 300, yaani nukta 300 katika kila inchi, haifai, na kwamba kwa bango la ukubwa huo nisithubutu kutumia kamera ya 12. Ninaomba anayelielewa jambo hili anifafanulie hizi megapikseli zinapima nini hasa, na kama ile ya 48 ndiyo bora kwa kuwa inazo nyingi zaidi.

Mzee_wa_Kibirizi alijibu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Pikseli ni vinukta vinavyounda picha. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja, na idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha pikseli za upana wa picha kwa zile za kimo chake. D3200 hutoa picha ya 6,016 kwa 4,000, yaani pikseli milioni 24 na kidogo, wakati D700 hutoa 4,256 kwa 2,832, yaani milioni 12. Tazama sasa upana peke yake: ijapokuwa megapikseli zimeongezeka mara mbili, upana umetoka 4,256 hadi 6,016 tu, ongezeko lisilofika hata nusu. Ukitaka picha yenye upana maradufu wa ile ya 12, huku ukali wake kwenye karatasi ukibaki uleule, unahitaji 48 za kweli. Hilo neno "za kweli" nawaachia wenzangu.

Anza hesabu na karatasi, kamera ije baadaye. Picha ya paspoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa pikseli 300 katika kila inchi, inahitaji 413 kwa 531, ambazo hazifiki hata robo ya megapikseli moja. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6 inahitaji megapikseli 2 na ushei, na ukurasa mzima wa A4 unahitaji karibu 9. Kwa hiyo kazi zako za kila siku zote zinaenea ndani ya 12.

Tukija kwenye bango, mita 3 ni inchi 118. Ukimfuata huyo bwana wa DPI 300, utahitaji pikseli 35,400 kwa 17,700, ambazo ni zaidi ya megapikseli 600, na kamera ya namna hiyo hakuna atakayekuuzia Kigoma wala kwingineko. Kipimo cha 300 kinahusu picha iliyoshikwa mkononi. Jicho zima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban sehemu moja ya sitini ya digrii, na hiyo maana yake ni kwamba mtu aliyesimama mita 2 kutoka kwenye bango hawezi kufaidi zaidi ya pikseli 44 kwa inchi. D3200 itakupa 51 kwenye bango hilo. D700 itakupa 36, ambazo zinamtosha mtu aliye umbali wa mita 2 na nusu, na sidhani kama yuko atakayepanda ngazi mpaka juu ya mlango akague kope za akina mama.

Fundi_Lenzi alijibu:

Mzee amemaliza upande wa karatasi. Mimi niseme juu ya ile ya 48.

Kihisi ndicho kibao kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Cha D700 kina milimita 36 kwa 24, na cha D3200 kina takriban 23 kwa 15. Kamera nyingi ndogo za aina unayoieleza hubeba kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6, ambacho eneo lake halifiki hata sehemu moja ya thelathini ya kile cha D700. Jaribu kupanga pikseli 8,000 katika milimita 6.2: kila moja itakuwa na upana wa mikromita 0.8 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Lenzi nayo ina mpaka wake, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu hutawanyika, na hata lenzi isiyo na dosari yoyote, tundu lake likifunguliwa wazi hadi kipimo cha f/2.8, huichora nukta moja ya mwanga wa kijani kama doa lenye kipenyo cha karibu mikromita 3.8. Doa moja linafunika takriban pikseli tano kwa upana. Pikseli zipo, lakini hazina jambo jipya la kurekodi.

Hapo nimeichukulia kamera hiyo kuwa ni ya uaminifu. Nyingine kihisi chake kina pikseli chache zaidi, na programu iliyomo ndani ndiyo inayozalisha nyingine kwa kukisia kati ya pikseli na pikseli ili faili lifikie tarakimu ya kwenye boksi. Kuna njia rahisi ya kuitambua: piga picha ya kalenda ya ukutani yenye tarakimu ndogo, ifungue kwenye kompyuta, uikuze mpaka pikseli moja ya picha ikae kwenye pikseli moja ya skrini. Kingo za tarakimu zikiwa zimeyeyuka na kujaa ukunguukungu mahali ambapo kamera ya 12 ingeonyesha mstari, achana nayo.

Simu za megapikseli 48 na 108 ni habari nyingine, maana kwa kawaida huunganisha pikseli nne au tisa kuwa moja na kukupa picha ya 12. Hao wanafanya kwa makusudi na kwa faida.

Kwa ushauri wangu, chukua D700. Pikseli chache kwenye kihisi kikubwa maana yake ni pikseli kubwa, na pikseli kubwa hazina chenga, yale madoadoa ya kwenye picha, usiku.

Mzee_wa_Kibirizi alijibu:

Hapo mwisho, Fundi, nina neno. Pikseli moja ya D700 ni safi kuliko moja ya D3200 ukiziangalia zikiwa zimekuzwa, hilo silipingi. Lakini mteja haangalii pikseli moja, anaangalia picha nzima. Chanja ya kuanikia dagaa ukiigawa vyumba kumi au ishirini, jua linaloipata ni lilelile. Kinachobadili jumla ni ukubwa wa chanja. Ushindi wa D700 usiku unatokana hasa na kihisi chake kilicho kikubwa zaidi ya mara mbili kwa eneo, na kama pangekuwa na kamera ya 24 yenye kihisi cha ukubwa huo na teknolojia ya wakati uleule, picha zao zikichapwa kwa kipimo kimoja tofauti ya chenga ingekuwa ndogo sana.

Tofauti hiyo ya vihisi utaiona vizuri usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wakiwa ziwani na taa zao. Kwenye kihisi kidogo, maji meusi katikati ya taa mbili hujaa madoadoa mekundu na ya kijani. Rangi hizo zina sababu: kila pikseli huwekewa kichujio cha rangi moja tu, nusu yake kijani, robo nyekundu na robo bluu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976. Rangi mbili zinazobaki kamera huzikadiria kutoka kwa pikseli jirani. Mwanga ukiwa haba, makadirio hayo huyumba, na ndiyo hayo madoadoa.

MpigaPicha_Mwanga alijibu:

Nawashukuru sana, Mzee na kaka Fundi. Ile ya 48 nimeiondoa. Kati ya mbili zilizobaki, wateja wangu wa harusi huomba na video, na nimeambiwa D700 hairekodi. Je, nikichukua D3200, picha ya bango niitayarishe vipi, na ile DPI 300 niijibu nini?

Bango_Tabora alijibu:

Ndugu yangu, mimi ninachapa mabango hapa Tabora, kwa hiyo nijibu kama mpokeaji wa faili. Ni kweli, D700 haina video kabisa, ilhali D3200 inarekodi. Angalia lenzi tu, kwa sababu D3200 haina mota ya fokasi ndani ya bodi na lenzi za zamani utalazimika kuzizungusha kwa mkono.

DPI iliyoandikwa ndani ya faili ni lebo. Picha ya 6,016 kwa 4,000 iliyoandikwa 72 na ileile iliyoandikwa 300 zina pikseli zilezile, na mashine yangu itazitandaza kwenye mita 3 bila tofauti yoyote. Kwa hiyo mjibu kwa idadi ya pikseli. Usiikuze mwenyewe kwenye kompyuta ili tarakimu ipande, maana utaniletea faili zito lenye ukungu.

Bango lako upana wake ni mara mbili ya kimo, na picha ya kamera haiko hivyo, kwa hiyo juu na chini vitakatwa na utabaki na 6,016 kwa 3,008, yaani megapikseli 18. Wapange akina mama kwa safu mbili pana, moja nyuma ya nyingine, kuliko kuwarundika, na uache nafasi juu ya vilemba vyao. Tumia stendi, tundu la lenzi liwe karibu na f/8, piga asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkono ukitikisika, zile megapikseli 24 utapoteza nyingi kuliko ulizoongeza kwa kuiacha D700.

Faili nitumie kwa WhatsApp kama dokumenti. Ukituma kama picha, programu itaipunguza njiani, na mimi nitapokea kitu kinachofaa kalenda ya mezani.