MJADALA: Je, rangi ya ngozi bado inaamua uchaguzi wa Marekani?

Wapo wanaosema mambo ya rangi yamekwisha, na ushahidi wao si wa kubezwa. Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye baba yake ni Mkenya, alipata takriban asilimia 43 ya kura za wazungu, zaidi kidogo ya alizopata John Kerry, mzungu wa chama hichohicho cha Democratic, mwaka 2004. Kenya ilipumzika siku nzima kusherehekea. Na mwaka 2024 Kaunti ya Starr, Texas, ambako karibu wakazi wote ni Walatino, ilimpa ushindi Donald Trump. Mara ya mwisho ilipomchagua mgombea urais wa Republican ilikuwa karne ya 19.

Mimi nawapinga. Wanatazama kura imemwendea nani, wakati rangi imejificha kwenye kanuni: nani anaandikishwa, na mipaka ya maeneo ya uchaguzi inakatwa wapi.

Chukueni Mississippi. Katiba iliwapa wanaume weusi haki ya kura tangu 1870, lakini kulikuwa na kodi ya kura na mtihani wa kufasiri katiba, na msahihishaji alikuwa karani mzungu. Mwaka 1964, kati ya weusi waliostahili kupiga kura, walioandikishwa hawakufika asilimia 7. Baada ya damu iliyomwagika Selma, mji wa Alabama ambako polisi waliwapiga waandamanaji waliodai haki ya kura, ikaja Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, na kufikia 1967 walikuwa karibu asilimia 60. Watu ni walewale, mioyo ya wazungu haikuwa imelainika. Ni kanuni tu zilizobadilika.

Sheria hiyo iliyalazimu majimbo yenye rekodi mbaya kupata ridhaa ya serikali kuu kabla ya kugusa taratibu za uchaguzi. Mwaka 2013 majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu waliuondoa ulinzi huo. Siku hiyohiyo Texas ikatangaza kuanza kutumia sheria ya kudai vitambulisho kwa wapiga kura iliyokuwa imezuiwa!

Najua jibu linalokuja: hivyo ni vita vya vyama, weusi wanaumia kwa sababu wanaichagua Democratic. Lakini kule Kusini chama na rangi vimeshikana kiasi kwamba huwezi kukikata kimoja bila kukijeruhi kingine, na wachora mipaka wanalijua hilo vizuri.

Tena Alabama inalijibu dai hilo yenyewe. Weusi ni zaidi ya robo ya wakazi, lakini kati ya viti saba vya jimbo hilo katika Baraza la Wawakilishi la Marekani walikuwa na wingi katika kimoja tu. Juni 2023 Mahakama ya Juu iliikataa ramani ile, na amri ya kuchora eneo la pili lenye weusi wengi, au linalokaribia hapo, ikabaki. Bunge la jimbo likachora nyingine, bado ikiwa na eneo moja tu lenye weusi wengi, hadi mahakama ikakabidhi kazi hiyo kwa mtaalamu wake.

Nawauliza mnaosema rangi imekwisha: ilikuwaje Alabama ikaona afadhali ikaidi amri ya mahakama kuliko kutoa kiti cha pili?