Mada moja, masomo yote: kwa nini isiwezekane kayumba (shule za msingi za serikali)?

Mtu wa Buza
Wakuu salaam. Naleta hoja, tujadiliane bila matusi.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Tuliambiwa mtoto atajifunza kwa vitendo, mambo ya kukariri basi. Mwanangu yumo kwenye kundi lililoanza nao akiwa la tatu. Kila jioni nikifungua madaftari nakuta yaleyale ya enzi zangu: notisi zimenakiliwa kutoka ubaoni, chini maswali kumi, tiki nyekundu, basi.

Pendekezo langu: chukua kitu kimoja cha hapa mjini, kipitishe kwenye masomo yote kwa wiki mbili. Mfano samaki. Sayansi: anapumuaje, na kwa nini anaoza upesi. Hisabati: mama kanunua beseni kwenye mnada wa Feri, kalipia barafu na bajaji, anauza fungu kwa fungu Tandika, faida shilingi ngapi? Jiografia: kusi ikivuma sana kwa nini vyombo vidogo vinabaki ufukweni. Historia: majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni. Kiswahili: mtoto amhoji mkaanga samaki wa mtaani kwao, aandike. Sanaa wachore. Hakuna hela ya ziada hapo, ni walimu watano kukaa pamoja Ijumaa mchana na kupanga.

Shida ni kwamba mwalimu wa kayumba muda wa kupanga hana, wa kuuza ubuyu anao.

Karibuni.

Siti ya Dirishani
Nimewahi siti. Walimu wakishaamka mnishtue.

Mwl wa Zamu
Nilikuwa nakubali kila mstari mpaka nilipofika kwenye ubuyu. Ndugu, umeandika aya nzuri halafu ukatema mate mwishoni.

Hiyo samaki yako nimeshaifundisha. Nilinunua vibua kwa hela yangu mwenyewe. Darasa lina watoto zaidi ya mia, wanne wanne kwenye dawati la watatu. Nikafunua shavu la samaki kuwaonyesha matamvua. Wa mbele waliona matamvua, wa nyuma waliona visogo vya wenzao, wa katikati walikuwa wanasukumana. Saa sita nikaingia mkondo wa pili na vibua vilevile, bati linawaka, mtoto mmoja akatapika. Kesho yake mzazi alikuja ofisini kuuliza kwa nini namlisha mwanawe samaki wabovu.

Kwa hiyo usituambie hatujui mbinu. Mbinu tunazo. Njoo ushike chaki wiki moja.

Bint Mtoni
Pole mwalimu kwa vibua. Ila kwenye ubuyu msimfunge mdomo mleta mada. Mimi nina ushahidi. Nyuma ya daftari la hisabati la mwanangu kuna orodha kwa mwandiko wa mwalimu: ubuyu 200, barafu 100, ubuyu 200, jumla, na mstari mwekundu chini. Deni! Mtoto wa la tatu anakopeshwa ubuyu na mwalimu wake wa darasa halafu anaogopa kunyoosha mkono kwa sababu hajalipa.

Fundi Redio
Kujumlisha kumefundishwa kwa vitendo, mnataka nini tena?

Bint Mtoni
Cheka tu, mwanao yupo ingilishi midiamu.

Fundi Redio
Mwanangu yupo kayumba Gongo la Mboto, anaingia zamu ya mchana. Usinijengee ghorofa nisilokaa.

Mwl wa Zamu
Dada, huyo mwalimu wa orodha amekosea, simtetei. Lakini tuulizane kwa nini anauza. Mshahara unaingia, mikopo ya kausha damu inachukua, anabaki na nauli. Daktari akifungua duka la dawa mnamwita mjasiriamali. Mwalimu akiweka ndoo ya ubuyu chini ya meza ndiye ameua elimu ya taifa?

Mama Pacha Tabata
Daktari hauzi dawa wodini huku mgonjwa anasubiri sindano, mwalimu. Tusichanganye.

Penseli HB
Naomba kurudi kwenye mada kabla ubuyu haujaisha.

Mleta mada anadhani kuunganisha masomo ni jambo jipya. Mwaka 2016 Historia na Jiografia ziliunganishwa zikawa Maarifa ya Jamii, Sayansi ikaunganishwa na TEHAMA ikawa Sayansi na Teknolojia. Mtaala huu wa 2024 umezitenganisha tena, sasa tuna Jiografia na Mazingira peke yake, Historia ya Tanzania na Maadili peke yake. Yaani kwenye jalada la kitabu tumeshafunga ndoa na talaka, darasani hakuna aliyehudhuria lolote kati ya hayo.

Sababu ni mtihani. Tangu 2012 sehemu kubwa ya mtihani wa la saba mtoto anashedi kwenye fomu ya OMR, ile inayosahihishwa na mashine. Mnada wa Feri haushediwi. Mahojiano na mkaanga samaki hayashediwi. Mwalimu mkuu anaitwa kwenye kikao cha tathmini na kuulizwa ufaulu, hakuna anayemuuliza watoto wake wamewahi kuhoji nani. Mwalimu mwenye akili timamu akiona miezi mitatu imebaki atafanya nini? Atawapa majaribio mpaka vidole viote sugu. Geuzeni kinachopimwa kwanza, hiyo wiki ya samaki walimu wataipanga bila kuombwa.

Mwl wa Zamu
"Mwalimu mwenye akili timamu"? Ina maana kuna sisi wengine?

Penseli HB
Mwalimu, nakutetea.

Mwl wa Zamu
Utetezi wa hivyo kaa nao.

Babu wa Kujitegemea
Vijana mnahangaika. Haya yote Mwalimu Nyerere aliyaandika kwenye Azimio la Musoma mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea. Tulikuwa na shamba la shule, banda la kuku, bustani. Eneo tulilipima kwa kamba shambani, hatukulisoma kwenye picha. Mayai tuliyahesabu, tukayauza, hela ikaandikwa kwenye daftari la mradi, na mweka hazina alikuwa mwanafunzi. Hisabati, kilimo na uraia kwa pamoja. Leo mtoto wa Dar anadhani mchicha unaota Kariakoo.

Penseli HB
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo tu: 1967 ni Azimio la Arusha, Februari, na Elimu ya Kujitegemea ikatoka Machi mwaka huohuo. Azimio la Musoma ni 1974, ndilo lililosukuma UPE, elimu ya msingi kwa wote.

Babu wa Kujitegemea
Marahaba. Arusha, Musoma, sisi tulilima.

Fundi Redio
Mlilima shamba la mwalimu mkuu babu, semeni ukweli. Baba yangu alisoma miaka hiyo, anasema mayai hakuwahi kula hata moja. Walihesabu, wakabeba, wakapeleka kwa mwalimu mkuu. Huo mradi ulikuwa wa kujitegemea kwa mtu mmoja.

Babu wa Kujitegemea
Wewe mtoto, una adabu?

Mama Pacha Tabata
Fundi kasema kweli, babu usikasirike. Mama yangu naye alichota maji kwa mwalimu mpaka utosi ukapata kipara. Mkitaja vitendo sisi tunasikia kuchota maji.

Babu wa Kujitegemea
Na mlijua kusoma na kuandika mlipotoka hapo. Leo wanamaliza la saba hawajui. Yote haya yalianza serikali ilipoleta walimu wa vodafasta shule za msingi.

Bint Mtoni
Vodafasta walikuwa sekondari babu, wale wa kidato cha sita waliopigwa kozi ya haraka. Msingi walikuwa wale wa UPE, enzi zako hizohizo.

Siti ya Dirishani
Babu amefungwa goli la kujifunga. Endeleeni.

Stationari Jirani
Mimi sina upande, mimi naishi kwa mtaala wenu.

Tangu shule zianze kutoa hizi kazi mradi, Jumapili jioni ndiyo siku yangu ya mavuno. Saa mbili usiku mama anaingia na mtoto anayesinzia, anataka mfumo wa upumuaji kwenye manila, kesho asubuhi. Mtoto namkalisha kwenye kreti, nachora mimi. Mapafu nayajua kuliko watu wa maabara. Mto Rufiji nauchora nimefumba macho. Mtoto anapewa tisa juu ya kumi, mimi napewa elfu tatu. Juzi mwalimu mmoja alikuja kununua chaki, akaona manila ukutani akaniambia "kumbe ni wewe!" Tukacheka, akaomba punguzo.

Kwa hiyo mleta mada, ukileta wiki ya samaki naomba taarifa mapema ninunue rangi ya bluu.

Mtu wa Buza
Hahaha stationari umenimaliza. Lakini ndiyo maana nasema mtoto amhoji mama mkaanga samaki, kazi ambayo huwezi kumchorea.

Stationari Jirani
Nitamwandikia hayo mahojiano kwa kompyuta. Mia tano kila ukurasa.

Kijana wa Jangwani
Mnaongelea samaki wakati darasa la jiografia linapita barabarani kila masika. Mto Msimbazi ukifurika Jangwani magari yanasimama, mwendokasi inasimama, watu wanahama vitanda. Mbona hilo halifundishwi? Maji yametoka wapi, kwa nini mchanga unajaa chini ya daraja, taka za nani zile. Mtoto wa Mchikichini anaijua topografia kwa goti lake, maji yalifika hapa, mwaka ule yalifika hapa. Mwalimu anafika anamfundisha mafuriko kwa picha ya kitabuni.

Mwl wa Zamu
Wazo zuri. Sasa kawaombee kibali. Barua kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu kwa afisa elimu kata, barua za ridhaa kwa wazazi, nusu hazirudi, robo zinarudi na swali "mnachangisha shilingi ngapi?" Halafu uvushe watoto themanini barabara ya Morogoro mkiwa walimu wawili. Mmoja akigongwa kidole na bodaboda, mimi ndiye nitakayeandika maelezo polisi, siyo wewe mwenye wazo.

Kijana wa Jangwani
Wanaokaa mita mia kutoka mtoni wanavuka wenyewe kila siku kuja shule mwalimu.

Mwl wa Zamu
Wakivuka wenyewe ni watoto wa mzazi. Wakivuka na mimi ni watoto wa serikali. Kuna tofauti kubwa hapo na wewe huijui.

Bint Mtoni
Muda wa kuandika hoja ndefu hivi saa nne asubuhi siku ya kazi unao, mwalimu? Darasani yuko nani?

Mwl wa Zamu
Niko mapumziko. Na leo SIUZI UBUYU, kama unataka kuuliza.

Mama Pacha Tabata
Jamani mimi nina swali la maana, naomba mnisaidie wenye uzoefu. Pacha wangu wako la tano. Wao kwa mtaala mpya wanamaliza msingi wakiwa la sita, mwaka 2027, na mwaka huohuo la saba la mwisho nalo linamaliza, wote wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Madarasa mawili kwenye mlango mmoja. Naona bora niwahamishie ingilishi midiamu mwakani wakae sawa na lugha kabla ya huo msongamano. Hapa walipo Kiingereza wameanza la tatu, wenzao wa sasa wanaanza la kwanza, yaani wangu wameachwa stendi. Nihamishe au nisihamishe?

Fundi Redio
Hamisha kama una ada. Kama huna tulia.

Babu wa Kujitegemea
Usihamishe. Fedha hiyo nunua vitabu vya hadithi uwasomee nyumbani.

Mtu wa Buza
Dada, ingilishi midiamu nyingi hapa mjini ni kukariri kulekule, tofauti ni kwamba wanakariri kwa Kiingereza na wamevaa soksi ndefu. Mada yangu ilikuwa namna ya kufundisha, siyo lugha.

Mama Pacha Tabata
Mada yako nimeisoma kaka, ni nzuri. Ila wewe unaongelea watoto wa mwaka 2040, mimi nina wawili wanaotaka shule Januari.

Penseli HB
Usiangalie bango wala basi. Nenda siku ya kawaida, siku ya wazazi waachie wenyewe. Omba madaftari ya sayansi ya watoto watano wa darasa moja, yoyote, uyaweke mezani pamoja. Yakiwa na sentensi zilezile mpaka kosa lilelile la tahajia, hapo wananakili, ondoka. Ukikuta mmoja amechora mhogo, mwingine ameandika kuhusu kuku wa bibi yake, na kuna masahihisho ambayo mtoto ameyarudia mwenyewe, uliza ada. Kayumba za hivyo zipo pia, si nyingi, na nyingine zipo hapohapo Tabata.

Mama Pacha Tabata
Watanipa madaftari? Mimi si mkaguzi.

Mwl wa Zamu
Ukija kwangu nakupa. Njoo kabla ya saa nne, baada ya hapo kelele hutasikia kitu. Ila usije na huyo mleta mada.

Mtu wa Buza
Nitakuja na vibua.

Bint Mtoni
Mama Pacha, ukienda angalia na kurasa za nyuma.