Tupeane uzoefu: filamu ya kuvamiwa nyumbani iliyokutoa kitandani kukagua komeo

Wakuu, jana nimerudia Hush ya mwaka 2016, peke yangu ndani. Kwa ambao hawajaiona: dada mwandishi wa riwaya, hasikii wala haongei, anaishi peke yake msituni. Jamaa mwenye kinyago anamjia na upinde. Ila kilichonimaliza si upinde. Ni pale jirani yake anapigapiga kioo cha mlango kuomba msaada, damu zinamtoka, naye yuko jikoni kampa mgongo. Nikajikuta naifokea tivii, "Geuka!" Mtu mzima mimi. Saa nane usiku nikaamka kukagua komeo. Nikarudi kulala, nikaamka tena. Nani mwenzangu? Semeni, ila mwisho msiutoboe.

---

Mkuu, mimi sikio la kushoto halisikii tangu utotoni. Nikilalia la kulia, ndiyo basi, hata ngoma ipigwe chumbani. Ile filamu nilifika pale wanapokata sauti ili usikie kama anavyosikia yeye, nikazima. Nyie mnaogopa ukimya wa dakika moja, mimi naujua.

Kuna wiki nilibaki peke yangu. Usiku mmoja nikalalia upande mbaya. Asubuhi natoka chumbani, nakuta mtu kwenye kochi, kajifunika gubigubi. Nikachukua pasi, nikainyanyua juu. Kumbe mdogo wangu karudi safari bila taarifa! Aligonga weee, akaona isiwe tabu, akazunguka mlango wa nyuma, akaingia. Mpaka leo anapenda kulisimulia ili watu wacheke. Mimi sicheki. Mtu alikuwa ndani saa tano nzima, katembea, kachemsha maji ya chai, na mimi sina habari.

---

Pasi jamani! Hahaha. Pole lakini.

---

Mimi wa zamani kidogo. Wait Until Dark, 1967, Audrey Hepburn anacheza kipofu. Wavamizi wamemzoea kama mnyonge, yeye anavunja balbu zote ili wawe sawa gizani. Hapo nilisimama kabisa kushangilia. Nyumba ni yake, hatua zake anazijua. Halafu friji! Taa ya friji aliisahau. Siku hizi nikifungua friji usiku, lazima kwanza nigeuke nyuma. Nasikia kumbi za sinema enzi hizo zilikuwa zinazima taa zake mwishoni mwa filamu. Mimi ningetoka.

---

Zinazonikera ni zile ambazo simu inaharibika tu kwa sababu mwandishi kataka. Panic Room (2002) angalau walijieleza: mama na binti wamehamia juzi, simu ya kile chumba cha kujificha haijaunganishwa. Na mtoto ana kisukari, sindano iko nje. Hiyo naikubali. Uoga sina, mimi nalala fofofo.

---

Wewe wa kulala fofofo ndiyo wa kwanza kufa kwenye hizi filamu.

Mkuu wa sikio, swali dogo. Huo mlango wa nyuma, mdogo wako alikuwa na ufunguo?

---

Hana. Unafungwa kwa komeo la ndani tu. Na nililifunga, nakumbuka, maana lina kutu na liliniumiza kidole. Yeye anasema alikuta mlango umerudishiwa tu.

---

Mkuu.

---

Ndiyo maana sicheki.