Wakuu naomba kueleweshwa borrow na lend, zinanichanganya sana

Wakuu habari zenu. Juzi mteja katuomba projekta kwa ajili ya kikao chake nikamjibu kwenye imeili "we can borrow you our projector", bosi alivyoiona kaniita akaniambia hapo ni lend. Nimeumia kweli maana imeili ishaenda. Kichwani mwangu zote ni kuazima tu, mtu anasema niazime kalamu na mwingine anajibu nitakuazima, sasa nyie mnatofautishaje?

Mwl_Mstaafu: Pole mwanangu. Shida iko kwenye hii kuazima yetu, mtaani tunaitumia kwa anayetoa na anayepokea, ile kuazimisha watu wengi hawaitamki kabisa. Kabla hujaandika weka kukopa na kukopesha. Benki inakukopesha, the bank lends you money. Wewe unakopa benki, you borrow money from the bank. Hapo hata mtoto hawezi kusema benki imenikopa. Kwa hiyo projekta yenu mnaikopesha, we can lend you our projector.

binti_pwani: Na ukiona from jua ni borrow, ukiona to ni lend. I borrowed it from Asha, I lent it to Asha. Halafu ni lent jamani, sio lended, hiyo naiona kila siku.

Kijana wa Moro: Naongezea kidogo, sisi hela na sukari tunakopa maana unarudisha nyingine, sufuria unaazima maana linarudi lilelile. Kiingereza hakijali hilo, borrow inabeba zote. Wamarekani utawasikia wanasema pia "loan me", maana yake ni lend.

Muuliza swali: Asanteni sana. Kwa hiyo "can I borrow your pen" na "can you lend me your pen" ni ombi moja?

Mwl_Mstaafu: Ndiyo, angalia tu nani anatajwa mwanzo. I anapokea ndo maana borrow, you anatoa ndo maana lend.

Muuliza swali: Na rent je? Mwenye nyumba wangu anasema I rent rooms na mimi mpangaji nasema I rent a room.

binti_pwani: Wote mko sahihi dada, rent ndo inaenda pande zote mbili kama kuazima yetu. Akitaka isichanganye aseme rent out, Waingereza wanasema let, ndo yale mabango ya "to let" unayoyaona kwenye nyumba.