Naomba ushauri: nikivuta lenzi picha inaingia giza
Asalaam alaykum wakubwa, mie napiga picha za harusi hapa Mji Mkongwe, kamera naiweka manyuo (napanga mwenyewe kila kitu), lenzi ni ile ya kuvuta ya milimita 18-55. Nikiwa 18 tundu la lenzi linafunguka f/3.5 (namba ikiwa ndogo tundu ndo kubwa) picha safi, nikivuta mpaka 55 linajibana lenyewe f/5.6 na bibi harusi anaingia giza, nilivyopiga hesabu mwanga haufiki hata nusu ya ule wa mwanzo, ndo ilivyo? Sasa nipandishe ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) picha ije na chengachenga au nitafute lenzi ya 50 ya f/1.8, maana hiyo inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa kuliko f/5.6? Khofu yangu tundu likiwa wazi vile makhalati waliokaa nyuma watatoka ukungu, na wao khasa ndo wanaotaka sura zao zionekane. Spidi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) siwezi kuishusha sana, watu wanacheza, watatoka wamevurugika. Nisaidieni jamani, harusi Ijumaa.