Mwanangu amehama shule, sasa anaambiwa "amerubuniwa". Naombeni ushauri kabla ya kikao cha kamati (Texas)

BabaWawili_Dallas:

Wakuu, habari zenu. Nina wiki mbili silali vizuri, nimeona nililete hapa kwa sababu humu wamo wazazi waliokwisha kupita njia hii.

Sisi ni watu wa Tanga, tuko kaskazini ya Dallas mwaka wa 9 sasa. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, anaingia darasa la 11. Mpira wa miguu aliuacha akiwa na miaka 12, akaangukia futiboli ya Kimarekani, ile ya kuvaa helmeti. Nafasi yake ni kubeba mpira na kukimbia nao. Mwaka jana alipandishwa timu kubwa ya shule katikati ya msimu, na kwa ambao hamko Texas niwaambie, hilo si jambo dogo. Ijumaa usiku hapa watu wanakwenda uwanjani kama wanakwenda kuangalia Simba na Yanga. Mji wa Allen, jirani zetu, una uwanja wa viti 18,000 uliojengwa kwa karibu dola milioni 60 na kufunguliwa mwaka 2012. Ni uwanja wa shule ya sekondari, siyo wa klabu.

Mwezi wa tatu tulihama. Mwenye nyumba alipandisha kodi kwa dola 400 kwa mwezi, na mke wangu alikuwa amepata kazi katika hospitali ya upande wa pili wa mji. Tukapata nyumba ya vyumba vitatu, dakika 11 kutoka kazini kwake, mkataba tukasaini tarehe 28 Machi. Nyumba hiyo imo ndani ya eneo la shule ambayo ni watani wa jadi wa shule yake ya zamani.

Michezo ya shule za umma hapa inasimamiwa na UIL, yaani chombo cha mashindano ya shule za Texas. Mwanafunzi aliyechezea shule moja akihamia nyingine, lazima ijazwe fomu ya historia yake ya michezo kabla hajacheza timu kubwa. Mzazi anajaza, shule mpya inajaza, kisha fomu inapelekwa shule ya zamani nao waseme lao. Kocha wa zamani ameulizwa kama anaamini mtoto amehama kwa ajili ya michezo, akaandika ndiyo. Akaongeza kwamba ile shule imekuwa ikiwachukua watoto wake kwa miaka mitatu mfululizo. Habari imetoka nje, na sasa watoto aliokua nao wanamwandikia mtandaoni kwamba amenunuliwa.

Sasa lile linaloniumiza. Kuna mkufunzi wa timu ya saba kwa saba, ile wanayocheza nje ya msimu, ambaye pia anawasaidia makocha wa shule mpya. Mwezi wa kwanza alimwandikia mwanangu: "Ukija kwetu utaanza kila mechi." Mwanangu alijibu kwa alama ya kicheko, basi, wala hakutuambia. Meseji hiyo nimeiona juzi, nilipomkalisha chini nikamuuliza. Naapa, tulipokuwa tunatafuta nyumba hatukujua lolote kuhusu huyo mtu.

Kikao cha kamati itakayoamua kama anaruhusiwa kucheza ni Jumanne ijayo. Rafiki mmoja anasema tufute meseji. Mwingine anasema kijana akaishi kwa shemeji yangu, aliyeko bado eneo la zamani, arudi shule ya zamani na yaishe. Mke wangu anasema tuzipeleke kama zilivyo. Mtoto hataki tena kula na sisi mezani. Nifanye nini?

MamaZai:

Kaka, pole sana. Usifute kitu. Hiyo meseji iko pia kwenye simu ya aliyeituma, na pengine ameshawaonyesha watu wengine. Ikitokea upande wa pili, hakuna atakayeamini hata mkataba wako wa nyumba. Na la shemeji liondoe kichwani kabisa. Texas kumwandikisha mtoto shule kwa anwani ya uongo ni kosa la jinai, na wanaweza kukudai ada ya muda wote aliosoma hapo. Sisi wageni tuna zaidi ya mpira wa kupoteza.

NilikaaKikaoni:

Mkuu, binti yangu alihojiwa na kamati kama hiyo miaka minne iliyopita, yeye ni wa voliboli. Nikueleze inavyokuwa ili usiende kipofu.

Wanaokaa ni wakuu wa elimu au wawakilishi wa shule za kundi lile lile la ligi. Maana yake watakaoamua ni shule zitakazocheza na mwanao msimu huu. Niliingia nikidhani nakwenda mbele ya watu wa mbali wasio na maslahi, nikakuta wanaitana majina na makocha. Usikasirike kwa hilo, jiandae tu.

Maswali yako mafungu mawili, watu huyachanganya. La kwanza ni makazi, kifungu cha 442 cha kanuni za UIL: je, kweli mnaishi pale? Wanaangalia kama samani zenu ziko pale, barua zinafika pale, gari limesajiliwa kwa anwani hiyo, na kama bado mna nyumba nyingine. Hapo naona uko salama. La pili ni kifungu cha 443: je, mmehama kwa ajili ya michezo? Hapo ndipo penye vita. Unaweza kuwa na nyumba halali, yenye kila risiti, na bado wakasema mliichagua kwa sababu ya timu. Kwa hiyo usiende na mkataba peke yake. Nenda na barua ya kupandishiwa kodi, barua ya kazi ya mkeo yenye tarehe, na kama mlitafuta nyumba nyingine mkazikosa, chapisha hizo barua pepe. Kama hata moja ilikuwa eneo la shule tofauti, hiyo ni dhahabu.

Akionekana amehama kwa michezo, hataruhusiwa timu kubwa kwa angalau mwaka mmoja wa kalenda. Timu ya pili anaruhusiwa. Na mna haki ya kukata rufaa Austin, kwenye kamati ya jimbo.

Mswahili_Houston:

Nyongeza moja muhimu kuliko yote. Kati ya vithibitisho vya makazi wanavyovitazama ni kama mzazi amejiandikisha kupiga kura katika eneo hilo. Kama wewe bado ni mwenye kadi ya ukaazi na si raia, USIJIANDIKISHE, hata akikushauri nani. Asiye raia akijiandikisha kupiga kura anaweza kufukuzwa nchini. Sema wazi kwamba wewe si mpiga kura kwa sababu si raia, toa bili ya umeme na leseni ya udereva.

Kocha_wa_Timu_Ndogo:

Naomba nizungumze kutoka upande ambao humu haupendwi. Mimi ni mwalimu wa hesabu na msaidizi wa kocha, shule ya umma, wala si shule inayojaza viwanja. Kila kiangazi tunapoteza mtoto mmoja au wawili. Hawaondoki wale wasiojua kucheza, anaondoka yule tuliyemlea tangu darasa la 7, tuliyempeleka kwa daktari kwa gari letu, tuliyemkalisha kwenye hesabu hadi saa mbili usiku ili asifeli. Huhitaji barua rasmi kumrubuni mtoto wa miaka 16. Inatosha mkufunzi wa nje ya msimu kumwambia "huku utaonekana", na kocha mkuu anabaki na mikono safi, kwa sababu siye aliyesema. Watu wengi wanaingia kwa mlango huo.

Na anayebaki nyuma ni nani? Watoto 40 wanaojiuliza wamekosa nini mpaka mwenzao akawaacha. Hao wanaomtukana mwanao mtandaoni wameumizwa, ndugu yangu. Nami sikubali wamtukane, lakini naijua hasira yao ilikotoka.

Kwa hiyo kocha wa zamani huenda hasemi uongo. Anaweza kuwa amekosea kuhusu familia yako na akawa sahihi kuhusu hiyo shule. Nenda kamwone kabla ya Jumanne, wewe na mwanao, bila wakili. Mwonyeshe tarehe za mkataba. Mwambie asante kwa miaka miwili. Je, mliwahi kumuaga?

BabaWawili_Dallas:

Hatukumuaga. Shule ilifungwa, tukawa tunabeba makochi, ikapita. Swali lako limenichoma, kocha.

Toka_Kakamega:

Mimi niko Ohio lakini nimesoma magharibi mwa Kenya, na mechi ya shule za Kakamega High na Musingu tulikuwa tunaifuata kwa miguu. Kelele za "huyo mchezaji mmemtoa wapi" nimezijua tangu nikiwa na kaptula. Wasifikiri ni jambo la Wamarekani.

Huku Ohio anayehama bila sababu inayokubalika hukaa nje nusu ya pili ya msimu na mechi za mtoano, ila familia nzima ikihama makazi kweli kweli anaruhusiwa. Florida tangu sheria ya 2016 mtoto anaweza kuhama na kucheza papo hapo, ingawa kurubuni bado ni marufuku. Ninayoitazama zaidi ni California. Mwaka 2025 kanda ya kusini iliwafungia makumi ya wachezaji wa futiboli kwa sababu ya karatasi za uongo, na kifungo cha kosa hilo kinaweza kufika miezi 24. Miezi 24 kwa mtoto wa darasa la 11 ni mwisho wa safari. Uhamisho wenyewe husameheka kuliko uongo unaowekwa juu yake. Msikilize mkeo.

BintiUvira:

Baba, mimi sijui sheria, mimi ni dada wa mchezaji. Kaka yangu aliambiwa maneno kama hayo Fort Worth na hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Umeshamuuliza mwanao? Yeye anataka kucheza wapi?

BabaWawili_Dallas (wiki tatu baadaye):

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi wale mlionitumia ujumbe.

Binti wa Uvira, nilimuuliza usiku ule ule. Alisema: "Baba, mimi nilitaka kubaki. Sikusema kwa sababu mama alikuwa na furaha na kazi." Sikuwa na jibu. Tulikaa tu garini.

Jumamosi tulikwenda kwa kocha wa zamani. Alikuwa anachora mistari ya uwanja mwenyewe. Mwanangu alimpa mkono akaanza kulia, na yule mzee akamshika shingo, wakasimama hivyo muda mrefu. Fomu hakuibadilisha. Alisema anaamini shule ile ina tabia hiyo na hawezi kuandika vinginevyo, ila atasema mbele ya kamati kwamba anayemlalamikia siye huyu mtoto wala wazazi wake. Jumanne alisema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Meseji tulizipeleka zote, pamoja na ile ya mwezi wa kwanza. Mke wangu ndiye aliyezisoma. Nyumba waliikubali bila shida. Kwenye kifungu cha 443 walipiga kura 5 kwa 2 dhidi yetu, na mwenyekiti akasema meseji ya Januari ndiyo iliyowafanya washindwe kutupa nafasi. Suala la mkufunzi litasikilizwa peke yake. Kwa hiyo aliyeandika bado anafundisha, na aliyeandikiwa amefungiwa mwaka. Nimekata rufaa Austin, kwa sababu hilo siwezi kulimeza, lakini sijutii kwamba zile meseji sikuzifuta.

Timu ya pili wanacheza Alhamisi. Juzi tulikuwa wazazi kama 60 kwenye benchi za bati, jua kali, hakuna bendi, hakuna taa. Robo ya tatu alipewa mpira pembeni akakimbia mpaka mwisho, na mke wangu akapiga vigelegele vya Kitanga hadi refa akageuka. Kwenye uzio upande wa pili niliona kofia ninayoijua. Kocha wa zamani alikuwa amekuja peke yake. Aliondoka kabla ya filimbi, nami sikuwahi kumfikia.